Mtoto wa Sagalla Ana Nini na Bandari ya Kale?

Ukisimama juu ya mlima wa Sagalla siku ambayo ukungu umeondoka mapema, Voi yote iko chini ya miguu yako. Utaiona reli ya zamani, utaiona reli mpya ya SGR, utaiona barabara kuu na msururu wa malori ya makontena. Mengi ya makontena yale yameshushwa Kilindini siku chache tu zilizopita. Mchele, mitumba, vipuri vya magari, mafuta ya kupikia, vyote vimevuka bahari kabla ya kupita hapa kwetu. Lakini muulize mtoto wa Gredi ya 5 anayeyahesabu malori hayo kila jioni kama amewahi kuiona meli kwa macho yake. Wengi hawajawahi, na bahari iko kilomita 150 hivi.

Kuna kauli ninayoisikia pande zote mbili, nayo imenichosha. Huku Voi watu husema mambo ya majahazi na Fort Jesus ni ya Waswahili na watalii. Kule Mji wa Kale, ukisema mama wa watoto wako ni Msagalla, utaambiwa, "Aa, hao ni watu wa bara," kana kwamba bahari haiwahusu. Mimi nimezaliwa Mvita, nimeoa Sagalla, ninaishi Voi. Kwa hivyo neno hili linaingia hadi sebuleni kwangu, na watoto wanalisikia. Mwezi uliopita tuliteremka Mombasa, mimi, mama yao na watoto watatu, tukaitenga wikendi nzima kwa ajili ya Bandari ya Kale. Hatukwenda ufukweni wala madukani. Naeleza hapa nini cha kuangalia na kwa nini, ili mzazi mwingine akitaka kufanya vivyo hivyo asianze gizani.

Kwanza uhusiano wenyewe, maana bila huo safari inakuwa ya kula viazi karai tu, ambavyo navyo havina ubaya. Kabla ya reli, misafara ya Mombasa ilipita Rabai, ikakata nyika kavu ya Taru, ikatua kwenye milima ya Taita kutafuta maji na chakula, kisha ikaendelea Taveta na Uchagani. Kwa mtu wa msafara, Sagalla, Kasigau na Dawida zilikuwa kama visiwa kwa baharia: unaviona kwa mbali, unamshukuru Mungu, unajua leo utakunywa. Mmishonari Johannes Rebmann alikwenda Kasigau mwaka 1847, na mwaka 1848 akaendelea hadi akaiona theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vingi humtaja yeye. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, mkuu wa misafara kutoka Mombasa, ambaye njia ile aliijua kabla ya mgeni wake kuisikia. Mwaka 1883 Joseph Wray wa Church Missionary Society alipofungua kituo Sagalla, naye alitokea pwani kwa njia hizo hizo.

Kilichoteremka zaidi ni pembe za ndovu. Ndovu wa nyika hii hii, ambao wajukuu wao leo wakulima wa Sagalla ya chini wanawazuia kwa kuzungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki. Pembe zilibebwa mabegani hadi Mombasa, zikapakiwa vyomboni kwenda Uarabuni na Bara Hindi. Watu nao waliteremshwa, na hilo tusilifiche kwa watoto. Wapo waliouzwa. Wapo waliojiweka rehani kwa sababu ya njaa, na ile kubwa ya miaka ya 1884 na 1885, ambayo Wataita huiita Mwakisenge, iliwatawanya wengi. Halafu mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu hadi Malindi, ikiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko, na waliosalia walirudi miaka ya 1930. Kwa hivyo mtu akikuambia Mtaita hana habari na pwani, mwambie akaulize Kasigau.

Sasa safari. Treni ya mchana inayosimama vituo vya kati ni nzuri kwa watoto, ila ratiba yake haimfai mtu wa siku mbili. Ukitoka Voi nayo Jumamosi unaingia Miritini alasiri, na ya kurudi huondoka Mombasa asubuhi, kwa hivyo Jumapili yako imekwisha kabla ya chai. Itunze kwa likizo za shule. Sisi tulipanda matatu Ijumaa baada ya watoto kutoka shuleni, tukavumilia foleni ya Changamwe, tukafikia kwa shangazi yangu Kibokoni. Ukiwa na jamaa Mombasa, usione haya, mpigie simu. Chumba kwa watu watano kinakula pesa ambayo ingetosha chakula cha siku mbili.

Jumamosi anza na Fort Jesus, na anza mapema, kabla ya jua kukaa sawasawa juu ya mawe yale. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha wageni na cha watoto ni nafuu zaidi, kwa hivyo beba kitambulisho. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Muitaliano Giovanni Battista Cairati. Ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hayo mwongozaji yeyote atakupa. Malalamiko yangu ni kwamba wengi wao hukaa sana kwa Wareno. Mtoto anatoka pale anamjua Vasco da Gama, aliyefika Mombasa Aprili 1498 na kuondoka bila urafiki, lakini hajui kwamba mji ulikuwepo zamani kabla yake. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao na imejengwa kwa ustadi, na chakula chao ni ndizi na samaki. Mwanangu mdogo alifurahi kusikia kwamba mambo ya ndizi na samaki hayakuanzia kwa nyanya yake wa Kibokoni.

Ndani ya ngome kuna vitu viwili ambavyo nisingempitisha mtoto haraka. Cha kwanza ni ukuta wenye michoro iliyochorwa na Wareno kwa makaa na udongo mwekundu. Ni michoro ya watu waliokaa kazini wakichoka: meli, makanisa, watu. Meli zina tanga na mlingoti na kamba, zimechorwa na mtu aliyezijua. Cha pili ni mabaki ya meli Santo António de Tanná, na hapa simama vizuri, maana kisa chake ndicho kitakachomfanya mtoto aiangalie bahari kwa jicho jingine.

Machi 1696 Waomani waliizingira ngome. Mzingo ule ulidumu karibu miezi 33, hadi Desemba 1698, njaa na maradhi yakiwamaliza waliokuwa ndani. Wareno walituma meli za msaada kutoka Goa. Mojawapo ilikuwa hii, iliyoundwa Bassein, karibu na Bombay, mwaka 1681. Ilifungwa mbele ya ngome ili kushusha watu na chakula. Ikapigwa, kamba zake zikakatika, ikachukuliwa na maji, na Oktoba 1697 ikazama pale pale chini ya kuta. Ikakaa huko karibu miaka 270 hadi wapiga mbizi wa hapa hapa walipoiona katika miaka ya 1960. Kuanzia 1977 hadi 1980 wataalamu, pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, waliichimbua chini ya maji. Mizinga, mitungi, vyombo vya Kichina, vipande vya mbao vilivyochongwa, vyote vilipandishwa na vingi vimo humo ndani ya makumbusho. Lakini gamba la meli lenyewe halikupandishwa. Kuhifadhi mbao zilizolowa karne tatu ni kazi ya miaka mingi na pesa nyingi: ukizitoa majini na kuziacha zikauke, hujikunja na kupasuka. Waliipima, wakaichora, wakaifunika tena kwa mchanga. Kwa hivyo ukisimama ukutani ukaangalia maji yale ya kijani, meli bado ipo, chini kidogo tu. Binti yangu aliuliza kama mvuvi anaweza kuikanyaga kwa nanga. Sikuona swali la maana kuliko hilo siku nzima.

Ukitoka nje ya ngome usiipite ile mizinga ya chuma bila kusema neno, hasa ukiwa umetoka Taita Taveta. Mmoja ni wa meli ya Kijerumani, Königsberg, na mwingine ni wa meli ya Kiingereza, Pegasus. Königsberg iliizamisha Pegasus Zanzibar mnamo Septemba 1914, kisha ikajificha Rufiji, ikamalizwa huko Julai 1915. Wajerumani waliing'oa mizinga yake, wakaitia magurudumu, wakaipeleka kupigania nchi kavu. Ni vita hivyo hivyo vilivyopita Taveta na kilima cha Salaita, vilivyofanya ijengwe reli kutoka Voi kwenda Maktau, na vilivyowapeleka watu wa Kasigau Malindi. Mizinga ya maadui wawili sasa inaota jua pamoja, watoto wanaipanda kupiga picha.

Kutoka ngomeni ingia Mji wa Kale kwa miguu, ufuate njia ya Ndia Kuu. Utapita Leven House, nyumba iliyochukua jina la meli ya Kiingereza ya Kapteni Owen, aliyekuja mwaka 1824 na kuwekeana na Mazrui makubaliano ya ulinzi yaliyovunjika mwaka 1826. Karibu yake kuna ngazi zinazoteremka hadi majini. Mbele kidogo ni Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi, na mnara wake uliochongoka. Sisi tuliswali Adhuhuri hapo. Asiye Muislamu aombe ruhusa kwanza. Watu wa mtaa ni wapole ukiwajia kwa adabu.

Halafu bandari yenyewe. Ndani ya lango huingii hivi hivi, ni eneo la forodha. Zungumza na walinzi, na kamera iweke mfukoni. Hata usipoingia, kutoka ukingoni utaona vyombo vikipakia na kushusha, ingawa si vingi kama zamani. Watoto watauliza kwa nini bandari ni mbili. Jibu limo kwenye jina. Kisiwa cha Mombasa kimekaa katikati ya mikono miwili ya bahari. Huu wa upande wa mashariki una kina cha kutosha jahazi, na uko karibu na mdomo wa bahari kuu. Ule wa magharibi una kilindi, ndiyo maana ya Kilindini. Jahazi halihitaji kilindi, linahitaji mahali pa kujikinga na mawimbi, na pwani ambayo maji yakipwa linaweza kulala ubavu likakwanguliwa na kupakwa deheni. Meli za chuma zilipokuwa kubwa, na reli ikaanza kutandikwa 1896, biashara ikahamia upande wa pili. Gati za maji marefu zikajengwa Kilindini miaka ya 1920, na Bandari ya Kale ikabaki na tende, samaki wakavu, mazulia na boriti, na hivyo navyo vikapungua mwaka baada ya mwaka.

Kitu ambacho hakuna kibao kinachokieleza vizuri ni upepo. Na bila upepo huelewi chochote cha pwani hii. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, ikileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kuanzia Aprili huingia kusi, ikavuma kwa nguvu Juni na Julai, kisha ikalegea. Ndiyo inayowarudisha. Chombo cha tanga moja la pembe tatu hakipendi kwenda mbele ya upepo unaokipinga, kwa hivyo nahodha aliyefika Januari hakuwa na njia ila kungoja. Miezi mitatu, minne. Katika kungoja huko alikodi nyumba, akauza, akanunua, akaoa, akasomesha watoto Qurani, akajifunza Kiswahili. Msafara wa kwenda Taita nao ulikwenda na kalenda hiyo hiyo, kwa maana pembe zilitakiwa ziwe zimefika pwani kabla vyombo havijang'oa nanga. Yaani hata mtu aliyekaa Sagalla asiyejua kuogelea, mwaka wake wa biashara ulipangwa na kusi.

Tulikuwa na bahati. Barazani karibu na soko la samaki alikuwa amekaa mzee mmoja, baharia wa zamani, kikoi kiunoni na bakora mkononi. Mwanangu mkubwa alimwendea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi?"

"Sagalla."

"Sagalla ya Voi? Mbali. Haya kaa, nikuonyeshe."

Akaisimamisha bakora yake, huu mlingoti. Akachukua fimbo ya mwanangu, hii foromali, mti ulalao juu unaobeba tanga. Akatandika leso ya mama yao, hili tanga. Kisha akamwonyesha kwa nini kugeuza jahazi ni kazi ya wanaume wote chomboni. Huwezi kulisukuma tanga upande wa pili tu kama mlango, sharti foromali isimamishwe, ipitishwe mbele ya mlingoti, kamba zihamishwe, na chombo kiwe kimegeuza tezi kwa upepo, na wimbi halikungoji. Akikosea mmoja, tanga linapasuka au mtu anaangukia majini. Akataja mkuku, mataruma, omo, tezi, ngama, jarari. Akaeleza kalafati, pamba iliyotiwa mafuta na kupigwa kwa patasi kati ya mbao ili maji yasiingie, na deheni, mafuta na chokaa vinavyopakwa chini ili wadudu wasile mbao. Waliomzunguka walikuwa watoto wa mtaa ule ule, na nadhani nao ilikuwa mara yao ya kwanza kuyasikia. Vijana wa Mji wa Kale wanaowaita wenzao watu wa bara hawajui foromali ni nini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini waundaji na waendeshaji wanapungua kila mwaka, na wakizikwa wanazikwa na maneno haya.

Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko ukuta wa ngome. Ukuta ulipokuwa ukiliwa na mawimbi, pesa zilipatikana na kingo ikajengwa. Mzee wa barazani hana kingo. Zanzibar walipotaka kuunda upya mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ilibidi wasafiri kutafuta mafundi waliokumbuka, na chombo hicho kikawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Jumba hilo likaporomoka sehemu Desemba 2020. Vitu vinaporomoka. Kaunti zetu mbili, Mombasa na Taita Taveta, zinaweza kulipa vijana wachache wenye simu na subira wakakae na wazee hawa, na wale wa Sagalla na Kasigau wanaokumbuka hadithi za misafara walizopewa na babu zao. Gharama yake haifiki bei ya gari moja la afisa.

Jumapili asubuhi tulivuka daraja la Nyali hadi Kengeleni. Jina limetokana na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari katika miaka ya 1870. Kengele ilipigwa kuwaonya watu wakati wa hatari, majahazi ya wafanyabiashara ya utumwa yakikaribia. Mahali penyewe ni padogo, magari yanapiga honi pande zote, unaweza kupita mara mia bila kupaona. Mama yao ndiye aliyewaeleza watoto, kwa Kisagalla, na mimi nikanyamaza. Kuna mambo ya pwani yetu ambayo si vizuri yaelezwe na mtu wa upande mmoja tu.

Ukienda, chukua daftari. Muulize mzee kwanza kama anaridhia kurekodiwa, mnunulie kahawa na kashata, na usimkatize. Angalia pia maji: wakati wa bamvua hapa hupanda na kushuka karibu mita 4, na ukifika yakiwa yamekupwa utaona matumbo ya vyombo na mawe ya ngazi yaliyovaa mwani, yakijaa, huoni kitu. Mvuvi yeyote atakuambia saa.

Sisi tulirekodi dakika arobaini. Mwanangu aliyaandika maneno yote aliyoyasikia nyuma ya daftari la Kiswahili, na Jumatano mwalimu wake alinipigia simu kuuliza demani ni kamba ya tanga au ni majira ya mwaka. Nikamwambia ni vyote viwili.